Kadi ya Kwanza ya Bi Fungua

Wasikilizaji wapendwa, mbele yangu hapa studio ipo kadi moja ngumu, ya manjano, iliyopauka pembeni. Imeletwa na binti wa marehemu. Ameniomba niisome hewani, lakini mwishoni. Nitafanya hivyo.

Marehemu alikuwa tabibu wa meno ya watoto. Alifanya kazi miaka ishirini na tisa. Miaka ishirini na tisa, kliniki moja, chumba kimoja, cha pili kulia ukishapita mizani. Watu walimwita Bi Fungua, kwa sababu neno hilo alilitamka kutwa nzima. "Fungua." Mtoto akafungua, yeye akaingiza kioo chake kidogo chenye mpini, akawasha taa, akatazama. Mama anayesafisha kliniki ananiambia: "Hata mimi nikipita na ndoo yangu, akisema fungua, mdomo ulikuwa unafunguka wenyewe."

Ukutani palikuwa na tangazo aliloliandika kwa mkono wake: MTOTO MWENYE MENO HALALI NA ZIWA MDOMONI. Mzazi hajaketi, keshalisoma.

"Analala na ziwa huyu?"

"Ndiyo, Bi Fungua. Bila ziwa halali."

"Basi atalala bila meno."

Hakuwa na maneno ya kubembeleza. Wengi walitoka wamenuna, wakaenda kuwaachisha watoto ziwa wiki hiyohiyo.

Kila mtoto alifunguliwa kadi ya manjano yenye maswali manne. Analala akinyonya? Kabla ya kulala anakunywa nini? Meno yake yanasafishwa? Na nani? Chini palibaki nafasi ya maoni, alipoandika hali ya meno kila mtoto aliporudi. Aliuliza yote manne. Aliandika majibu yote manne. Uamuzi aliutoa kwa jibu la kwanza tu. Naomba mlikumbuke hilo, wasikilizaji: aliandika manne, akasoma moja.

Nyumbani alikuwa na binti mmoja. Mume aliondoka kabla mtoto hajaanza kutembea. Walibaki wawili, vyumba viwili. Bi Fungua alikuwa ndiyo kwanza ametoka chuoni, na alichofundishwa alikishika kikamilifu. Binti alipotimiza miezi kumi na mitatu, alimwachisha ziwa kwa siku moja. Alimhamishia kwenye kitanda cha peke yake, chumba cha pili, akafunga mlango.

Binti yule sasa ni mama. Anasema: "Darasani nilikuwa na meno mazuri kuliko wote. Mama alinionyesha kwa wageni kama sahani mpya. Lakini kukaa ubavuni kwake sikukuzoea, na yeye hakuzoea kukaa ubavuni kwangu. Tulikuwa kama wapangaji wenye heshima."

Miaka mitatu iliyopita, binti alikuja kumtembelea na mtoto wake wa kike, wa miaka miwili. Walipanga kukaa wiki mbili. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, mtoto alisinzia kwenye kochi huku akinyonya. Bi Fungua akatoka chumbani na kioo chake na taa.

"Mama, mwache, analala."

"Ndiyo maana nataka kuona sasa."

Aliona meno mawili ya mbele, juu, yenye madoa ya kahawia. Akasema maneno ambayo binti ameninukulia bila kubadilisha: "Mtoto umemwozesha meno kwa ziwa lako mwenyewe."

Binti alifunga mzigo saa ileile. Hakurudi tena. Hata hivyo mawasiliano hayakukatika. Walipigiana simu kila Jumapili, dakika tatu, nne. Mvua imenyesha? Imenyesha. Mtoto hajambo? Hajambo. Basi. Bi Fungua alikula peke yake miaka hiyo mitatu. Jirani anasema alikuwa anatandika meza kwa watu wawili, kisha anarudisha sahani moja kabatini.

Mwaka jana kliniki ilianza kujiandaa kuhamia jengo jipya. Kadi za zamani zilikuwa za kutupwa. Bi Fungua alizichukua, maboksi kumi na moja, akazipanga sebuleni. Jioni zote alikuwa huru. Kwa mara ya kwanza akasoma swali la pili, la tatu na la nne.

Watoto waliokuwa wakilala na ziwa, wakasafishwa meno, na wasipewe kitu kitamu, wengi walikuwa na meno mazima. Meno mabovu zaidi yalikuwa kwenye kadi za watoto walioachishwa ziwa kwa amri yake, wakatulizwa na chupa ya chai yenye sukari. Alihesabu mara mbili. Hesabu haikubadilika.

Niwe mwangalifu hapa. Kadi za mtu mmoja si utafiti. Wataalamu bado wanajadili kunyonya usingizini kwa mtoto mwenye meno, hasa anayeamka kunyonya mara nyingi. Lakini chupa ya kitu kitamu kitandani ina madhara, na meno yasafishwe tangu jino la kwanza. Kwa hayo hawabishani.

Jumatatu iliyofuata alilibandua tangazo lake. Mama mmoja, aliyekwisha kujiandaa kugombezwa, alisikia hivi: "Mnyonyeshe. Kisha msafishe meno. Zamani nilikosea." Yule mama akamgeukia msafishaji: "Bi Fungua anaumwa?"

Hakuwa anaumwa. Kwa wageni kukiri kulimtoka kirahisi. Kwa binti yake hakukumtoka.

Jumapili moja alimwambia: "Nina jambo la kukueleza, lakini si la simu. Njoo."

"Jambo gani, Mama?"

"Si la simu, nimesema."

"Nitakuja likizo."

Likizo ilikuwa baada ya wiki tano. Bi Fungua alifariki wiki ya tatu, moyo, mchana, kwenye kiti chake, katikati ya maboksi. Alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Binti alifika kwenye mazishi. Ananiambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mama yake: "Siku ile angeniuliza swali la pili, ningemjibu ukweli. Nilikuwa nampa mtoto juisi kwenye chupa kila mchana. Hakuuliza. Nami nilikuwa na hasira, sikusema."

Wasikilizaji wapendwa, sasa kadi. Ilikuwa mezani, peke yake, nje ya maboksi. Ni kadi ya kwanza kabisa aliyoifungua Bi Fungua. Ni ya binti yake. Analala akinyonya? Ameachishwa. Anakunywa nini? Maji. Meno yanasafishwa? Ndiyo. Na nani? Mama. Kwenye maoni, kwa wino uliofifia: "Analia." Chini yake: "Siku ya kumi na moja. Ameacha kulia."

Na chini kabisa, kwa wino mpya wa bluu: "Angeendelea tu kunyonya. Hapakuwa na sababu."

Tunampa pole binti, mjukuu, jirani, na wenzake wote wa kliniki. Apumzike kwa amani.

Nawe unayenisikiliza, leo msafishe mwanao meno kabla hajalala. Kisha, kama kuna mtu wako unayemwekea jambo kwa kuwa unaona si la simu, mpigie. Mwambie hivyohivyo kwenye simu.