Hewa ya Makala na Hewa ya Ndizi

Ndugu zangu, amani iwe kwenu. Habari za nyumba yangu mlizisikia kwa watu. Leo zisikieni kwangu.

Mke wangu alipojifungua, mama mukwe alikuja kutoka Sange kumtunza. Mvua haikukatika. Akaingiza mbabula, lile jiko la makaa, chumbani, makala mekundu yasiyo na moshi, mzazi apate joto, kama mama zetu wote wanavyofanya. Tukafunga dirisha na mlango. Baadaye jirani alituita, hatukuitika; alivunja mlango akatukuta mimi na mke wangu hatuamki. Mama mukwe alikuwa barazani anafua, mtoto mgongoni.

Tulipona, lakini maneno yakaanza. Ndugu wa baba yangu waliuliza kwa nini yeye hakuguswa. Wakamwita mchawi, wakamfukuza. Mke wangu akafunga mizigo amfuate mama yake, na mtoto.

Muuguzi alikuwa ametuambia ni hewa ya makala, monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Inashika chuma kilicho ndani ya damu, oksijeni inakosa nafasi. Nikashangaa: hewa inashikaje chuma? Mimi ni fundi wa mashine za kusaga mihogo, kemia sikusoma. Nikaanza kusoma kwenye simu, polepole.

Nawaambia nilichokikuta. Wanakemia wanaitumia tabia hiyohiyo. Wana metali iitwayo paladiamu. Hewa ya makala inaishika. Kisha wanaleta ethileni, hewa ambayo ndizi zinatoa tukizifunika ziive. Juu ya metali hiyo zinaungana kwa zamu, moja ya makala, moja ya ndizi, kama shanga za rangi mbili, mpaka mnyororo mrefu. Inatoka plastiki ngumu, hata meno ya gia wanatengeneza. Nikajiuliza: kitu kinachofuata kanuni namna hii, mchawi anaingilia wapi?

Nikapanda gari kwenda Sange. Mama mukwe alinisikiliza akichagua mchele, akauliza kama hewa hiyo inachagua muntu. Nikamjibu inachagua chumba kilichofungwa.

"Basi useme hivyo mbele ya wale walionifukuza," akasema. "Minye nitakuwa nimekaa pale."

Akaja, akakaa. Nilipomaliza kueleza, baba mdogo akacheka: "Kumbe weye sasa iko profeseri wa moshi."

Mke wake ndiye aliyemjibu. "Na kichwa changu kinachoniuma kila mvua tukipikia ndani? Huyu mama alikuja kwangu lini?"

Baba mdogo akainuka, akamwomba mama mukwe samahani, sote tukisikia. Mke wangu akafungua mizigo.

Namshukuru jirani aliyevunja mlango, na muuguzi aliyejibu maswali yangu bila kuchoka. Namshukuru mama mukwe; ndiye yule kule nyuma, amempakata mtoto. Ndugu zangu, mbabula ikae nje. Na watu wakianguka ndani ya nyumba, tuulize kwanza walikuwa wanavuta hewa gani, kabla hatujataja jina la muntu.