Jiwe Nililolihamisha

Jumatatu, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mvuvi wa sangara alimwambia binti yake afunge mlango wa chumba cha kulala na kumwacha baba mdogo nje, kwenye benchi. Wanawe wa kiume walikaa juu ya sanduku la nyavu, binti ukingoni mwa kitanda. Mzee hakuwa amekula tangu Ijumaa. Alisema mfululizo.

Sikilizeni, wanangu. Nyumba hii ni yenu watatu, msiikate kwa ukuta. Atakayechoka na wenzake abebe godoro lake aende, aiache nyumba imesimama. Nyavu ni za wa pili, kwa sababu ndiye anayezishona. Injini ni ya binti, na mtu asiniletee maneno ya mwanamke na injini, maana ikizimika katikati ya ziwa nyote wawili humwita yeye. Mtumbwi mkubwa nitausema mwisho. Mwanangu wa kwanza, usikohoe, nimesema mwisho.

Mmekua mkisikia watu wa ufukweni wakiniita Bwana Sangara, mkatembea kifua mbele kwa jina hilo. Mmejiuliza pia kwa nini miaka thelathini na moja nimekwenda kwenye mwamba wangu peke yangu, hata ninyi wa damu yangu sikuwapeleka. Mficha uchi hazai. Ule mwamba sikuuona mimi. Aliuona huyo aliyeketi kwenye benchi.

Mimi nilikuwa nimeshavua miaka saba ziwani alipoanza yeye, na samaki wake wa kwanza wa maana alibebwa na watu wawili kwa kasia begani, mkia ukiburura mchanga. Babu yenu aliacha kula, akatoka na tonge mkononi, akawaambia majirani, “Huyu ndiye mkono wangu.” Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na ndoo yangu ya samaki. Hakuniangalia. Tangu siku hiyo chakula kilinikaa kooni kila nilipomwona mdogo wangu akicheka, na yeye, masikini, alikuwa mtu wa kucheka sana.

Kwa kuwa alinipenda, alinionyesha alama zake. Mwamba uko chini, haupiti upana wa uwanja wa nyumba hii, na ukiukosa kidogo tu unavua tope. Unasimamisha mtumbwi mahali tangi la maji la shule linapokaa sawasawa juu ya bomba la moshi la kiwanda cha mikate. Huo ni mstari wa kwanza. Wa pili ni ncha ya paa la kiwanda cha barafu na jiwe alilolipaka chokaa mlimani. Mistari ikikutana, teremsha ndoana yenye chambo kilicho hai, maana sangara hataki mzoga. Hujibanza kwenye mwanya wa mwamba akingoja mdogo apite, na hata mtoto wake mwenyewe humla.

Siku mkewe alipokuwa hospitali akijifungua, naye amekaa mlangoni akisubiri, mimi nilipanda mlimani na mtaimbo. Nililiviringisha lile jiwe hatua arobaini kuelekea kushoto. Nilizihesabu.

Alirudi ziwani na furaha ya mtoto, akavua tope. Akavua tope misimu miwili. Akaniuliza, “Kaka, samaki wamehama?” Nikamwambia, “Samaki wapo, mkono ndio umezeeka kabla ya mwenyewe.” Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Hakuwahi kulishuku jiwe, kwa sababu aliyelijua zaidi yake ni mimi tu, na nani humshuku kaka yake? Aliuza mtumbwi, akaajiriwa kupasua barafu. Barafu niliyowalazia samaki wangu miaka yote hiyo, yeye ndiye aliyeipasua.

Mnadhani niliridhika? Hasidi hana sababu. Nilimwonea kijicho kwa kulala usingizi. Nilimwonea kijicho kwa watoto wanaomkimbilia akitoka kazini, ilhali ninyi mlikuwa mkisikia mlio wa injini yangu mnafagia uwanja. Sasa tangu niugue anakuja kila siku kuniosha miguu, ananiambia, “Kaka, utapona,” nami namtazama alivyo mzima, moyoni nasema, kwa nini si yeye? Leo hii, binti yangu. Asubuhi hii.

Maji. Kidogo.

Mstari wa kweli si jiwe. Ni kichaka cha mkonge, hatua arobaini kulia kwa jiwe. Mkonge na ncha ya paa. Mmesikia? Mwambieni. Mtumbwi mkubwa ni wake. Nakuona, mwanangu wa kwanza, umekunja uso. Nakijua kijicho hicho, umekirithi kwangu. Kiache humu ndani nizikwe nacho. Ukitaka kujifunza uvuvi, mfuate yeye, mimi nilikuwa mwizi wa alama tu.

Ila... neno moja. Asiende kabla sijazikwa. Siku tatu zipite. Niacheni niwe wa mwisho kuvuta samaki pale, siku tatu tu. Ndivyo nilivyo, wanangu. Hata sasa.

Pendaneni. Mungu awape... mikono. Na macho ya kufurahia cha mwenzenu, ambayo mimi... Mwite. Mwambie wewe, binti. Mimi siwezi.

Binti alifungua mlango. Alimweleza baba yake mdogo yote, jiwe, mtaimbo, mkonge na zile siku tatu, mbele ya mgonjwa aliyekuwa amegeukia ukutani. Baba mdogo alisikiliza hadi mwisho, akatoka nje. Alirudi baada ya muda, akaketi kitandani, akasema, “Nimesikia, kaka.”

Mzee alikufa saa nane kasorobo mchana. Alizikwa Jumatano. Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi mtumbwi mkubwa ulibaki mchangani. Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baba mdogo na mtoto wa kwanza wa marehemu waliusukuma majini.