Ukuta wa Qaidjohar na Sahani ya Buluu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi pamoja. Leo twamkumbuka mtu aliyejenga ukuta mbele ya bahari, kisha akauvunja mwenyewe. Jina lake Qaidjohar Adamji, muuza saruji na rangi wa Bondeni, mkaazi wa Mji wa Kale. Alifariki Jumatano iliyopita. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nyumba yake ilikaa juu ya mwamba wa matumbawe, mgongo umeelekea bahari. Nyuma kulikuwa na chumba chenye dirisha la kutazama bahari. Hapo ndipo mkewe, Shahnaz, alipokuwa akikaa kuchambua mchele. Shahnaz alipotangulia mbele ya haki, Qaidjohar hakukiondoa kiti chake. Kila asubuhi alifungua dirisha lile, akakitolea kiti salamu, akaenda dukani.

Lakini mwamba wa matumbawe, japo mgumu, huliwa. Wimbi halianzii juu. Hula chini, kidogo kidogo, likachimba pango. Na pango likizidi kina, kilicho juu huporomoka. Msimu mmoja wa kusi, bahari ilipochafuka, sakafu ya chumba cha Shahnaz ikafanya ufa.

Qaidjohar akaogopa. Akaita mafundi, wakamjengea ukuta wa saruji chini ya nyumba, umesimama wima kama askari. Hakumuuliza mtu. "Saruji yangu, mwamba wangu," alisema.

Ubavuni kwake akaa Bi Mejumaa, mjane. Chini ya nyumba ya Mejumaa kulikuwa na kipande cha mchanga na ngazi ya mawe. Wasichana wengi wa mtaa walijifunza kuogelea hapo, Mejumaa akiwapigia kelele kutoka ngazini. Ukuta ulipokwisha, kusi ikarudi, na mchanga ukaanza kwenda. Kusi iliyofuata, ngazi ikabaki yaning'inia juu ya jiwe tupu.

Mejumaa akamwita kutoka dirishani, mtaa mzima ukisikia.

"Wewe Adamji! Bahari umeifukuza kwako ukaituma kwangu. Mimi ndiye jaa lako?"

"Bi Mejumaa, bahari haitumwi na mtu."

"Haitumwi? Basi iambie irudi!"

Watu wakacheka. Qaidjohar akafunga dirisha.

Ramadhani ikaingia. Mwajua, wasikilizaji, desturi ya mitaa yetu: jirani humpelekea jirani futari, na sahani hairudi tupu. Qaidjohar hakujua kupika. Akakaanga kaimati, nyingine zikaungua, akazipanga kwenye sahani ya buluu ya Shahnaz, akampelekea Mejumaa. Sahani ikapokewa. Haikurudi. Kila magharibi alifungua mlango wa mbele, akatega sikio. Ramadhani ikaisha, Idi ikapita. Sahani haikurudi.

Mejumaa mwenyewe atwambia: "Sahani ya jirani hairudi tupu. Na mimi moyoni sikuwa na la kutia."

Mteja mmoja wa Qaidjohar, Joab, mhandisi wa mambo ya bandari, ndiye aliyeshuka naye ufukweni maji yakiwa yametoka. Joab akaugonga ukuta.

"Mzee, huu haulimezi wimbi. Hulirudisha. Likirudi lakokota mchanga, na pale ukuta unapokomea lageuka na nguvu zake zote kwa jirani."

"Basi nifanyeje?"

"Uvunje. Tandaza mawe kwa mteremko. Wimbi litapanda, litachoka. Ila chumba cha nyuma kibomoe. Mwamba wake umeshaliwa, hauwezi tena mzigo."

"Chumba hicho ni cha mke wangu, Joab."

"Najua, mzee."

Binti wa Qaidjohar, Naqiya, alimsihi ahamie kwake Ganjoni. "Baba alinijibu," asema Naqiya, "'Ganjoni hakuna mtu niliyemkosea.'"

Basi akauvunja. Ukuta aliojenga, akauvunja. Chumba cha Shahnaz kikabomolewa, dirisha likabaki hewa. Mawe yakatandazwa. Kiti akakibeba mwenyewe, akakiweka karibu na mlango wa mbele, na jioni akawa akikaa hapo, mlango wazi, akingoja hodi.

Mejumaa aliyaona hayo yote. "Nikasema, acha kwanza niuone mchanga."

Mchanga hauji kwa amri, wasikilizaji. Huondoka kwa pupa, hurudi kwa haya. Kaskazi moja, msimu wa bahari tulivu, haikuleta kitu. Hii ya sasa imeleta: mchanga umefika kugusa jiwe la chini la ngazi. Mejumaa alipouona, akaishusha sahani ya buluu kabatini, akaipangusa. Akaazimu Ijumaa apike mkate wa sinia, ampelekee mwenyewe.

Jumatano Naqiya alimkuta babake kwenye kile kiti, ametulia, mlango wazi.

Ijumaa mkate ukapikwa vilevile. Mejumaa akauingiza matangani kwenye sahani ya buluu, akasimama nao katikati ya watu, hajui ampe nani. Naqiya akamwambia, "Bi Mejumaa, weka hapo kitini."

Akauweka.

Kwa Naqiya na jamaa wote wa Adamji, twawapa pole. Nawe, Bi Mejumaa, pole, nawe umefiwa. Mola amlaze marehemu pema.

Na sisi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tutafakari. Anayetaka kujikinga na bahari, kwanza aulize ukuta wake utakomea kwa nani. Na kama kwako kuna sahani ya jirani, irudishe leo. Usingoje mchanga.