Nani Aliunguza Shuka la Saba

Benchi lililo nje ya kibanda cha fundi viatu linatosha watu watatu, ila wakati wa mapumziko ya mchana hukaliwa na yeyote mwenye maneno. Mwenyekiti asiyechaguliwa ni Katibu, karani mstaafu ambaye hajawahi kukosa jibu, hata swali likiwa halimhusu. Ubavuni mwake hukaa Breki, dereva wa lori la maji, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini. Mama Kahawa humimina, na akiona wanaume wamepotea njia hutia neno lake. Siku hiyo aliyepotea njia alikuwa Pasi, na kikombe chake kilikuwa kimepoa bila kuguswa.

Pasi alinyoosha mashuka miaka kumi na moja katika kiwanda cha kufulia kilicho ng'ambo ya barabara. Mwezi uliopita wakampa usimamizi, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Zamani aliyeunguza shuka alilitundika kwenye msumari wa mlangoni akaendelea na kazi, wala hakuulizwa kitu. Asubuhi fundi wa mashine alilitazama doa akajua ni pasi ipi inazidisha moto. Pasi aliona huo ni ulegevu. Akapigilia ubao juu ya msumari: kila anayeunguza aandike jina lake. Wiki mbili msumari ukakaa mtupu, naye akatembea kifua mbele akijisifu kwamba mkononi mwake hakuna shuka linaloungua. Jana hoteli moja wanayoifulia ikarudisha robota zima la mashuka. Katikati ya mashuka mazuri yalikuwemo saba yenye madoa ya pasi, yamekunjwa kwa ustadi mkubwa.

— Meneja anataka majina saa nane, alisema Pasi. Atakayetajwa anakwenda nyumbani.

Hakuwaambia kwamba la saba alilijua. Juzi alikuwa akimwelekeza mama mmoja mgeni kazini namna ya kunyoosha pindo, akageuka kumkaripia mtu mwingine, moshi ukafuka. Akalikunja upesi na kulisukuma ndani ya robota. Yule mama aliona, akainamisha macho. Tangu hapo Pasi hakuwa amelala vizuri.

— Kosa lako unacheka, alianza Katibu. Kiongozi hacheki kabla ya saa nne asubuhi. Bosi wangu wa kwanza alicheka mara moja tu, na siku hiyohiyo yakapotea mafaili thelathini.

— Kucheka si kitu, alisema Breki. Kitu ni funguo. Ning'iniza funguo kiunoni, hata kama hazifungui chochote. Watu wakisikia mlio tu, kila mkono unarudi kazini.

— Ninazo mbili.

— Mbili ni za mpangaji, bwana. Si za msimamizi.

Katibu alisema hayo ya funguo ni mambo ya watu wa malori. Yeye aliwahi kufanya kazi chini ya mkuu ambaye alionekana kwa koti tu. Koti lilikaa kwenye kiti, mlango wazi, na ofisi nzima ikachapa kazi mwaka mzima na nusu bila mtu kuchelewa. Baadaye ikajulikana kwamba mkuu mwenyewe alishahamishwa zamani.

— Basi hilo koti wangelipandisha cheo, alisema Mama Kahawa.

Breki hakukubali kushindwa na koti. Akashauri meza ya Pasi iwekwe juu ya mapipa ya sabuni, awaone wote kutoka juu. Katibu akataka na kioo, ili awaone hata akiwageuzia mgongo. Halafu wakafika kwenye mashuka, na hapo mchezo ukaisha.

— Chagua mmoja, alisema Breki. Awe amekosa, awe hajakosa. Mfukuze mbele ya wenzake. Wengine watanyooka bila pasi.

— Na awe mgeni, aliongeza Katibu. Mgeni hana wa kumtetea.

Pasi aliitikia kwa kichwa, na aibu ikampanda mpaka masikioni, maana jina la yule mama mgeni alikuwa amelifikiria tangu alfajiri.

Kulikuwa na dada aliyesimama akingoja chupa yake ijazwe, karani wa duka jipya la vitabu. Aliwaomba radhi wazee kwa kuingilia, kisha akamgeukia Pasi.

— Kaka, kwenye huo ubao, wewe jina lako umeliandika mara ngapi?

Katibu alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu akakifunga bila kutoa kitu. Breki akaanza kuchunguza mashapo ya kahawa.

— Sijaliandika, alisema Pasi. Na shuka la saba ni langu.

Katibu aliinama karibu naye na kumnong'oneza kwamba neno hilo lisivuke barabara, cheo kitavuka nalo. Pasi alijua ni kweli. Alikuwa akikipenda cheo hicho, na mkewe alikuwa ameshawatangazia ndugu wote. Hata hivyo aliinuka, akavuka.

Mlangoni pa kiwanda alimkuta yule mama mgeni. Alikuwa ameshavua aproni, ameikunja vizuri, mkoba begani.

— Nimeona nisikusumbue, alisema. Nilijua utanitaja mimi.

Pasi alitafuta pa kuweka macho asipaone.

— Vaa aproni yako, mama, alisema. Twende kwa meneja. Nataka uwepo nikimwambia ni mimi.