Mrija wa Mwisho Katika Stoo ya Madam Apua

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, saa kumi jioni, Madam Apua Lokorio atafunga stoo ya Hospitali ya Misheni ya Nawoitorong, hapa Lodwar, na kukabidhi funguo. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Wakurugenzi watano wamepita hapa katika muda huo, na kila mmoja alifika akidhani kwamba mkubwa ni yeye.

Alizaliwa Longech, kando ya Ziwa Turkana, katika familia ya wavuvi. Alipoajiriwa Julai 1994, kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya wodi. Mwaka wa tatu alihamishiwa thieta kuchemsha na kufunga vifaa vya upasuaji, na 2003 akapewa stoo. Wafanyakazi wapya huambiwa siku ya kwanza wasiegemee dirisha lake. Atawaitikia salamu kwa Kiturkana, "ejok", kwa uso mkavu, kisha atawauliza fomu iko wapi. Mimi ni muuguzi wa thieta mwaka wa kumi na nne sasa, na bado nikilikaribia dirisha lile naweka kola sawa.

Joto la Lodwar ndilo lililokuwa adui yake wa kwanza. Vifaa vinavyowekwa ndani ya mwili wa mtu, kama vyuma vya mifupa na mirija ya kichwa, huja katika pakiti zilizofungwa kijidudu kisipenye, na chini ya mabati yetu ya zamani gundi ya pakiti ilikuwa ikilegea. Madam Apua alichunguza akaona kwamba chumba chenye ubaridi wa uhakika ni kimoja tu, ofisi ya mkurugenzi. Alihamishia maboksi yake huko bila barua. Kwa miaka miwili wageni wa heshima walinywa chai wakiwa wamekalia vyuma vya mapaja, mpaka tukajengewa stoo ya matofali.

Lakini ni mirija ya kichwa iliyomnyima raha. Mtoto akizaliwa na maji kichwani, daktari humpitishia mrija mwembamba chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni. Katikati kuna vali ndogo ya kupima maji yapite kiasi gani. Mtoto hukaa nao maisha yake yote. Daktari wa kazi hiyo hutujia mara moja kwa mwezi, na mirija ilikuwa ikija na lori la Awale, msafirishaji wa Kakuma, ambaye akimkabidhi Madam Apua mzigo alizoea kusema, "Mama, hii boksi ni kidogo lakini matata yake ni mingi."

Mwaka 2023 boksi liliacha kuja. Wakala wa Nairobi aliahidi mwezi ujao, kisha mwezi ujao tena. Madam Apua akawa anampigia simu kila Jumatatu saa mbili kamili, hadi yule bwana akawa anapokea kwa kusema, "Habari ya asubuhi, Mama Lodwar, bado." Hakuridhika. Aliomba namba ya aliye juu yake, na ya aliye juu ya huyo, mpaka akampata mtu wa kiwandani, ng'ambo, aliyekuwa na adabu ya kumweleza. Kiwanda kilikuwa na mirija, pakiti na wafanyakazi. Kilichokosekana ni kijiduara cha mpira cha ndani ya vali, kidogo kuliko punje ya mtama. Kampuni moja tu ndiyo iliyokuwa ikitengeneza mpira huo unaoruhusiwa kukaa mwilini, nayo ilikuwa imeacha kwa sababu wanunuzi ni wachache. Mpira wa kampuni nyingine ulipaswa kupimwa na kuidhinishwa upya, na hiyo ni kazi ya miaka. Alituletea habari hiyo kwenye mkutano wa asubuhi. Ilituuma sana, maana tulitaka mtu wa kumlaumu, na kila aliyetajwa alikuwa na sababu ya kueleweka.

Rasimu ya kwanza ya maandishi haya ya programu ya kumuaga iliishia hapo, pamoja na pongezi. Nilimpelekea Madam Apua aisome. Aliirudisha kupitia dirishani akasema, "Mtoto hayuko hapa. Andika mtoto." Kwa hiyo naandika.

Watunza stoo huficha kimoja, na anayekataa anatania. Mirija ilipobaki miwili, Madam Apua alitoa mmoja, wa pili akauweka nyuma ya maboksi ya glavu, kisha akaandika sifuri kitabuni. Alifikiri hivi: mtoto mpya aghalabu anaweza kusubiri wiki kadhaa, lakini mtoto anayezidiwa ghafla anaweza kufa siku hiyo hiyo. Alikuwa akimwekea huyo.

Jumanne tarehe 13 Februari 2024, Nyamal, mama kutoka Sudan Kusini anayeishi kambini Kakuma, alifika na mwanawe Nyang wa miezi minne. Daktari alikuwepo. Nilikwenda dirishani na fomu nikauliza kama kuna mrija. Madam Apua akasema hakuna. Daktari alitoa maji kidogo kwa sindano, akaandika mtoto apelekwe Kenya, kama tunavyosema sisi wa Turkana tukimaanisha kuvuka mpaka wa kaunti pale Kainuk, hadi hospitali kubwa za kusini. Nyang alifariki ndani ya ambulensi, kabla ya kufika Lokichar, mapajani mwa mama yake.

Kesho yake Madam Apua aliingia mkutanoni akaweka pakiti mezani. "Ulikuwepo," alisema. "Mimi niliuficha." Alipewa barua ya onyo, akaitia sahihi. Kisha akapanda lori la Awale hadi Kakuma kumwambia Nyamal yeye mwenyewe. Awale alisimama mlangoni, na ndiye aliyetusimulia. Nyamal alikuwa anapepeta mtama wa mgao. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Wewe ulikuwa nayo? Mtoto yangu analia pale kwa dirisha, wewe hukusikia?" Madam Apua akajibu kwamba alisikia mtoto akilia. Nyamal akaendelea kupepeta. Madam Apua alikaa hapo hadi Awale alipolazimika kuondoka.

Mrija ule aliwekewa Deeqa, mtoto mwingine wa Kakuma, mwezi uliofuata, na leo anatembea. Mlangoni mwa stoo sasa kuna ubao unaoonyesha kila kifaa cha kuwekwa mwilini kilichopo, hata kikiwa kimoja, na yeyote anaweza kuusoma. Fomu yetu nayo imeongezwa mstari wa hali ya mgonjwa, na huo Madam Apua aliudai kwa ukali hata wengine wakanung'unika. Ubao haukuleta mirija. Mwaka huu imekuja mitatu, na watoto wamekuja kumi na mmoja. Ubao ukisema sifuri, ni sifuri kweli, na tumezika watoto ambao hakuna aliyewaficha kitu.

Kuhusu ule mstari wa fomu, sababu yake ni mimi. Siku ile niliandika "mrija, 1" na hakuna zaidi. Nyang alikuwa ametapika tangu alfajiri, na macho yake yalikuwa yameshaanza kutazama chini tu, dalili kwamba maji yanaubana ubongo. Niliona kwamba huyu ni wa leo, na dirishani sikusema. Ilikuwa saa saba, nilikuwa na njaa, na miaka yote tulikuwa tukiomba vitu pale bila kutaja watu. Madam Apua angeambiwa, angeutoa, kwa sababu mtoto wa namna ile ndiye hasa aliyekuwa amemwekea. Alilifahamu hilo aliposoma faili kesho yake. Nami kwenye mkutano ule nilikaa kimya, nikiitazama pakiti kama wenzangu. Hakunitaja kwa mkurugenzi, wala hakunitaja Kakuma alipoulizwa na mama mwenye msiba. Miezi ishirini na moja barua ya onyo imekuwa na jina moja. Hata aliporudisha rasimu yangu, aliniambia niandike mtoto. Hakuniambia niandike nani mwingine. Naona aibu kubwa.

Madam Apua amemwalika Nyamal kwenye sherehe, na Nyamal ametuma neno kwa Awale kwamba atakuja. Programu hii atapewa kama mgeni yeyote. Nitakwenda stendi kumpokea mimi mwenyewe, nimwambie kwa mdomo kabla hajaisoma hapa.

Madam Apua, hospitali nzima inakushukuru kwa miaka yako yote. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na wajukuu wasiokuchosha sana. Ukikabidhi funguo Ijumaa, nikabidhi na sehemu yangu ya kifo cha Nyang. Umeibeba vya kutosha.