Fundi Anatoli na Jezi Iliyokwisha Kufuliwa

Wasikilizaji wapendwa, amani ya Mungu iwe nanyi huko Temple Hills, Springfield, Oxon Hill na kila mahali hapa Marekani sauti hii inapofika. Kama umekaa, karibu. Kama uko kazini na mzee unayemhudumia, mwongezee sauti kidogo asikilize na yeye, hata kama hafahamu Kiswahili. Leo tutazungumza polepole.

Leo tunamkumbuka Anatoli Kamugisha. Wengi mlimwita Fundi Anatoli. Alikuwa fundi cherehani wa Temple Hills, mtu wa Bukoba, mume wa Dorothea na baba wa Queen. Alituacha mwezi uliopita, katika majira haya ya kuchipua ya mwaka 1999. Moyo ulisimama akiwa kwenye cherehani yake, asubuhi, redio ikiwa wazi. Dorothea anasema suruali aliyokuwa akiipunguza ilibaki imeshikwa na sindano, mguu mmoja umekwisha, mwingine bado.

Mimi nilimfahamu katika madarasa ya jioni ya Kiingereza, kwenye ukumbi wa kanisa. Tulikaa meza moja. Yeye alikuwa akichelewa kuandika kwa sababu kwanza alishika karatasi na kuipapasa, kama kitambaa. Mwalimu alimwambia, "Bwana Kamugisha, hiyo inasomwa, haishonwi." Alicheka kuliko sisi sote.

Sasa, wengi mnamjua kwa suruali na magauni ya harusi. Wachache mnajua kazi yake ya pili. Fundi Anatoli alikuwa akikagua jezi za besiboli.

Nieleze kidogo. Besiboli ni ule mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira kwa gongo. Kuna watu wanaokusanya vitu vya mchezo huo: magongo, mipira, kofia, jezi. Lakini hawataki kitu kipya cha dukani. Wanataka jezi ambayo mchezaji aliivaa uwanjani kweli, akatoka jasho ndani yake, akaanguka nayo vumbini. Jezi ya namna hiyo hutafutwa sana. Kwa hiyo wapo wajanja wanaonunua jezi mpya, wakaipaka udongo na kusema ni ya uwanjani.

Siku moja mkusanyaji wa Springfield alimletea Anatoli jezi ya zamani akitaka tu kifungo. Anatoli alipoona mshono umeachia kwapani, akachukua uzi ashone. Yule bwana akapiga kelele kama ameona moto. "Usiguse! Usishone!" Anatoli akashangaa. Fundi anaambiwa asishone? Ndipo alipoelezwa kwamba ule mchaniko ndio ushahidi. Tangu siku hiyo akaanza kujifunza. Wakusanyaji wakaanza kumletea jezi aziangalie.

Alikuwa na swali lake moja, na alipenda kuliuliza kwa Kiswahili. Alikuwa akiinua jezi dirishani na kusema, "Haya mama, umechezewa, au umechezewa?" Mnaelewa, wasikilizaji. Jezi iliyochezewa uwanjani, au jezi iliyochezewa na wajanja? Wazungu wake walikuwa wakingoja tafsiri, na tafsiri haikuwepo.

Dorothea ameniambia hivi: "Nilidhani nimeolewa na fundi. Kumbe nimeolewa na mbwa wa polisi. Mwanaume mzima, ananusa makwapa ya watu asiowajua!"

Alichokitafuta ni uchafu. Uchafu mahali pake. Mpigaji hupaka gongo lami ya msonobari ili lisimteleze mikononi. Akisubiri zamu yake hulilaza gongo begani, na lami inabaki begani. Akikimbia hujitupa chini akateleza hadi kwenye kituo anachokimbilia, na udongo mwekundu unaingia ubavuni. Mjanja hajui hayo. Mjanja hupaka udongo kifuani, kama mtoto.

Basi, mwaka juzi alikuja Elodie.

Elodie mnamjua, ni mama wa Uvira, mwenye Kiswahili cha kwao, anayekaa Oxon Hill. Alikuwa akimhudumia mzee mmoja wa Springfield, Mzee Harlan. Kumbukumbu za Mzee Harlan zilikuwa zimeanza kumtoka. Jina la binti yake lilimpotea, njia ya chooni ilimpotea. Lakini kila siku alimwambia Elodie kwamba ujanani alicheza besiboli, msimu mmoja, katika timu ndogo ya kusini. Watoto wake walisema baba anaota, ni ugonjwa. Elodie alimwamini. Ni Elodie peke yake aliyemwamini.

Mzee alipofariki, jezi ilikutwa chini ya sanduku. Binti yake akamtupia Elodie. "Chukua, kama unakitaka kitambaa hicho."

Elodie akaileta kwa Anatoli. Hakuja kuiuza. Alitaka kujua jambo moja tu. Mzee alisema kweli, au yeye alikaa miaka ile yote akiitikia ndoto?

Anatoli akafungua mfuko. Ndani kulikuwa na jezi nyeupe, imekunjwa vizuri, inanukia sabuni. Akaikunjua. Ilikuwa jezi ya sufu, na maji ya moto yalikuwa yameifinya hadi ingemtosha mtoto wa shule. Anatoli akaguna.

"Juu ya nini unaguna, papa?" Elodie akauliza. "Niliifula muzuri. Nikasugua, nikapiga na pasi. Kwetu nguo ya mufu haitokake chafu."

Na ni kweli, wasikilizaji. Wengi wetu tumelelewa hivyo. Nguo za marehemu zinafuliwa kwanza, ndipo zinagawiwa. Elodie alifanya kwa heshima. Lakini kila alichokitafuta Anatoli kilikuwa kimekwenda na maji.

"Mama Elodie," akamwambia, "siwezi kusema ndiyo. Siwezi kusema hapana. Hapa hakuna kitu cha kusoma."

"Sema tu ndiyo, papa. Nani atakuuliza?"

"Nitajiuliza mimi."

Elodie akaichukua jezi. Akasema neno lililomchoma Anatoli. "Kumbe na wewe uko kama batoto ya muzee." Akaondoka.

Anatoli hakula vizuri siku ile. Dorothea akamwambia, "Yule mama hakuja kwako kama mteja. Wewe umemjibu kama mteja."

Jumapili baada ya misa wakaenda wote wawili Oxon Hill. Elodie akawapokea, maana mgeni ni mgeni, akawawekea chai. Lakini hakuwa na maneno mengi. Anatoli, kwa kutafuta la kusema, akatania. "Mama, hebu nifundishe. Uliwezaje kuifinya sufu namna ile? Mimi fundi siwezi."

Elodie akacheka bila kutaka. "Ni ile doa, papa! Ilinitesa. Maji ya baridi, inakataa. Maji ya moto, inakataa. Nikasugua na brashi hadi vidole vikauma."

Anatoli akaweka kikombe chini. "Doa gani?"

"Nyeusi. Inanata kama gundi. Inanuka muti."

"Ilikuwa wapi?"

Elodie akapeleka mkono begani. Bega la kulia.

"Na wapi pengine palikukatalia?"

"Hapa kwa mbavu. Udongo, mwekundu. Ulikuwa umeingia ndani ya nyuzi."

"Mama Elodie, umewahi kutazama besiboli?"

"Mimi? Batu bazima kupiga mupira na fimbo? Niko na wakati gani?"

Dorothea anasema macho ya mumewe yalijaa machozi. Kisha Elodie akasema polepole, kama mtu anayekumbuka anaposema: "Papa. Kila asubuhi nikimuvalisha shati, alikuwa anajipangusa bega hili. Hili hili. Anasema kuna gundi. Mimi naangalia, hakuna kitu. Nilikuwa ninamupangusa tu, aridhike."

"Imechezewa," Anatoli akasema. "Mzee wako alicheza, Elodie. Hakuwa anaota. Uchafu uliufua, lakini kabla ya kuufua uliuona. Shahidi ni wewe."

Elodie akajifunika uso kwa kitenge. Dorothea akahamia upande wake.

Wasikilizaji wapendwa, kwa wakusanyaji neno lile halikutosha. Anatoli mwenyewe alisema hawezi kulitia sahihi mbele yao. Lakini kwake lilitosha, na kwa Elodie lilitosha. Jezi ile ndogo iko ukutani kwa Elodie mpaka leo.

Sasa nirudi mwezi uliopita. Baada ya mazishi, akina mama walishuka kwenye chumba cha kufulia, chini ya jengo, na nguo za Fundi Anatoli. Dorothea alikuwepo, Queen alikuwepo, Elodie alikuwepo. Ya kwanza kutoka ilikuwa aproni yake ya kazi. Queen akafungua mashine.

Elodie akamshika mkono. "Ngoja kwanza. Tuiangalie."

Wakaitandaza. Elodie akaweka kidole. "Hii?"

"Chaki," Dorothea akasema. "Chaki ya bluu. Nilimwambia anunue nyeupe, hakusikia."

"Na hii?"

"Mafuta ya cherehani."

"Na hapa begani?"

Dorothea akapapasa pale. Lilikuwa doa la zamani, limefifia. Akamtazama binti yake. "Hapo ni wewe, Queen. Ulikuwa na meno yanaota. Ulilia usiposhikwa. Baba yako alishona na wewe begani, unamdondoshea mate, majira yote ya baridi."

Queen, ambaye huwa anamjibu mama yake kwa Kiingereza, akasema kwa Kiswahili, "Sikujua."

Wakaangalia shati baada ya shati. Kila doa likapewa jina. Kisha wakazifua zote, vizuri, kama inavyopasa, na sasa zimevaliwa na watu.

Kwa Mama Dorothea, kwa Queen, kwa ukoo wa Kamugisha huko Bukoba na kwa wote mliovalishwa na mikono yake, sisi wa kipindi hiki tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu aliyemwita ndiye awafute machozi.

Na wewe unayenisikiliza, leo jioni, kabla hujatia majini nguo ya mtu wako aliye hai, itazame kidogo. Muulize, hapa ilikuwaje? Mwache akuambie. Na ukimwamini pale ambapo wengine wanasema anaota, Bwana atakuona.

Fundi Anatoli, pumzika. Ule mguu wa pili wa suruali, Dorothea ameumaliza.