Kijiti cha Bwana Miti

Jumanne, 12 Machi 1974. Mbeya kulikucha na ukungu na manyunyu.

Katika basi la Iringa, mbele yangu, bwana miti mmoja, ofisa wa misitu, alimwambia mama aliyeketi naye, "Kuna ua la porini tulidhani limekwisha duniani. Juzi nililiona moja tu, kwenye milima ya Poroto, nikachomeka kijiti lisiguswe."

Mama akashika shavu. "Chenye kitambaa chekundu? Jamani, baba! Sisi wachimba viazi vya maua, vile vya mizizini tunavyokula, tukikuta kijiti, tunajua mwenzetu ametuachia alama tuchimbe. Nimeshalichimba, kiazi chake nimeshakipika."

"Mmelila?"

"Kwa chumvi."

Nilitaka kuliombea lile ua, lakini sala yake sikufundishwa.

Basi liliposimama Makambako, mama aliinuka, akatugeukia abiria. "Ndugu, mnisikie. Mimi Atuganile, nikiliona jingine, nitalilinda mpaka baba huyu afike."